Gavana aliyetoka benki za biashara: Sanusi Lamido Sanusi na kishindo cha Agosti 2009 huko Nigeria

#1 Mkazi wa Upanga

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Kila nafasi ya ugavana wa benki kuu inapokuwa wazi katika nchi zetu, majina yanayotajwa ni ya wachumi wa Hazina, maprofesa wa vyuo vikuu, au watu waliorudi kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Ni nadra kusikia jina la mtu aliyekulia ndani ya benki ya biashara, akajua mkopo unavyoombwa, unavyopitishwa na unavyofichwa pale unapoharibika. Naona tunakosea, na ushahidi wangu ni Sanusi Lamido Sanusi wa Nigeria.

Alizaliwa Kano mwaka 1961 katika ukoo wa kifalme. Alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilichopo Zaria, akafundisha hapo kwa muda mfupi, kisha mwaka 1985 akaingia Icon, benki ya uwekezaji. Baadaye aliacha kazi akaenda Khartoum kusoma sharia na taaluma za Kiislamu, na mwaka 1997 akaajiriwa United Bank for Africa (UBA) katika kitengo cha mikopo na usimamizi wa vihatarishi. Mwaka 2005 alihamia First Bank, nako akakabidhiwa vihatarishi, na Januari 2009 akawa mtendaji mkuu wa benki hiyo. Hakukaa hata nusu mwaka kabla Rais Umaru Yar'Adua hajamteua gavana wa Benki Kuu, mwanzoni mwa Juni 2009.

Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo aliwaondoa kwa mkupuo watendaji wakuu wa benki tano: Afribank, FinBank, Intercontinental, Oceanic na Union. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ya benki hizo ilikuwa imefikia takriban asilimia 41 ya mikopo yao yote. Oktoba zikafuata Bank PHB, Equitorial Trust na Spring. Benki Kuu ilitia jumla ya takriban naira bilioni 620 ili wenye amana wasikose fedha zao.

Hoja yangu ni kwamba profesa asingeweza kufanya hivyo ndani ya miezi miwili na nusu. Angeunda kamati, kamati ingeandika ripoti, na ripoti ingekaa mezani. Nakaribisha maoni.

#2 Bi Zuhura

Ahsante kwa mada, Mkazi. Ila humtendei haki profesa. Mtangulizi wa Sanusi, Chukwuma Soludo, ni profesa wa uchumi, na ndiye aliyetangaza mwaka 2004 kwamba kila benki lazima iwe na mtaji usiopungua naira bilioni 25 badala ya bilioni 2. Alitoa muda wa mwaka mmoja na nusu, na ulipokwisha Desemba 2005 benki 89 zilikuwa zimebaki 25. Hakuna aliyemwona akisubiri kamati.

#3 Kijana wa Likoni

Bi Zuhura umesema kweli, lakini nami nadhani huyu Sanusi alikuwa gavana tangu enzi za Rais Obasanjo, kwa sababu nakumbuka kuona jina lake katika magazeti ya mwaka 2000 au 2001.

#4 Mtanzania Lagos

Kijana wa Likoni, uliyemsoma ni Joseph Sanusi, gavana wa 1999 hadi 2004, mtu wa Ondo huko kusini magharibi, asiye na undugu na huyu wa Kano. Usiwaambie watu wa Ondo kwamba mtu wao ni mwana wa mfalme wa Kano, watakukatalia chakula. Lakini kosa lako la jina linampa nguvu Mkazi wa Upanga, kwa sababu Joseph Sanusi naye aliwahi kuwa mtendaji mkuu wa First Bank kabla ya kwenda Benki Kuu. Njia ya kutoka First Bank hadi Benki Kuu haikuanza na Lamido.

Naishi hapa tangu kabla ya kishindo hicho, kwa hiyo niongeze jambo ambalo walio mbali hawalioni. Zamani kila benki ya Nigeria ilifunga hesabu zake za mwaka katika mwezi wake. Benki inayofunga Machi ilikopeshwa amana na wenzake ili mizania yake ionekane imejaa. Aprili fedha zinarudi, kisha zinapelekwa kwa inayofunga Juni, na hivyo hivyo mwaka mzima. Fedha zilezile zilihesabiwa katika vitabu vya benki kadhaa. Mwisho wa 2009 zote zikalazimishwa kufunga hesabu siku moja, tarehe 31 Desemba, na fedha za kuazimana zikakosa pa kukimbilia. Mtu ambaye hajawahi kuketi katika kikao cha benki kinachopanga nani ampe nani amana wiki ya kufunga vitabu hawezi kuelewa kwa nini tarehe moja tu ina uzito mkubwa namna hiyo.

#5 Dawati la Mikopo, Mwanza

Naunga mkono #4 kwa yale niliyoyaona mwenyewe. Nimefanya kazi ya mikopo kwa miaka mingi katika benki ambayo sitaitaja. Mteja akichelewesha marejesho, na mkopo wake ukikaribia siku 90 ambapo lazima uitwe chechefu, anaitwa ofisini na kupewa mkopo mpya. Fedha za mkopo huo zinaingia asubuhi katika akaunti yake, na kabla ya jioni zimeshakatwa kulipia malimbikizo ya mkopo wa zamani. Hesabu ya siku inaanza upya kutoka sifuri. Katika taarifa ya robo mwaka mkopo unasomeka mzima, afisa anapata sifa, na mteja anaondoka akiwa na deni kubwa zaidi ya lile aliloingia nalo.

Mkaguzi anayeangalia salio peke yake haoni kitu. Anayeomba taarifa ya miamala na kuuliza kila rejesho limetoka wapi ndiye anayegundua. Maswali hayo hayapatikani kitabuni, na ndiyo maana naamini miaka ya Sanusi katika vihatarishi ilikuwa na maana kuliko cheo chake cha mwisho.

#6 Msomaji wa Kampala

Mnampa mtu mmoja sifa za taasisi nzima. Ukaguzi uliofichua hali ya benki hizo ulifanywa na wakaguzi wa Benki Kuu pamoja na wa shirika la bima ya amana la Nigeria, watu ambao walikuwepo kabla yake na walibaki baada yake. Zaidi ya hayo, dalili zilikuwa wazi. Benki chache zilikuwa zinarudi kila mara katika dirisha la Benki Kuu kuomba mikopo ya muda mfupi ya kujikimu, na yeyote aliyesoma orodha ya wakopaji angeuliza kwa nini ni hao hao.

Mzizi wa tatizo ulikuwa soko la hisa. Baada ya Soludo kudai mitaji mikubwa, benki ziliuza hisa nyingi, na ili hisa ziendelee kupanda zikawakopesha madalali na wawekezaji fedha za kununua hisa hizo hizo, dhamana ikiwa ni hisa zenyewe. Kuanzia Machi 2008 soko la Lagos lilianguka, likapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake katika muda wa mwaka mmoja. Dhamana zikayeyuka, na bei ya mafuta nayo ikashuka mwaka huohuo, kwa hiyo mikopo ya waagizaji wa mafuta ikaharibika. Hata malaika angekuwa gavana mwaka 2009, benki zile zingefika pale zilipofika.

#7 Mkazi wa Upanga

Msomaji wa Kampala, zingefika, nakubali, lakini je, zingetangazwa? Huko kwenu Crane Bank ilichukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016. Kenya, kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu zilianguka: Dubai Bank, Imperial na Chase. Imperial ilikaguliwa mwaka baada ya mwaka. Wakaguzi walikuwepo, taasisi ilikuwepo, na mwanya wa mabilioni ulijulikana tu baada ya mtendaji mkuu kufariki dunia. Hapo ndipo ninaposema kuwa tofauti inaletwa na mtu aliye juu anayejua aulize nini.

#8 Mama wa Chama, Thika

Hamjambo. Mimi si mchumi, ila mmenigusa. Chama chetu cha akina mama kilikuwa na akiba katika benki mojawapo iliyowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa muda. Tulikwenda tawini asubuhi tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni na askari wawili wamesimama. Mweka hazina wetu aliona aibu kuja kikaoni, ingawa hakuwa ameiba hata senti. Fedha zilirudi kidogo kidogo, na wenzetu wawili walikuwa wameshauza mashine zao za kushona.

Kwa hiyo mnapobishana kama gavana awe profesa au mwenye benki, swali langu ni lile la wateja. Huko Nigeria mlangoni palibandikwa karatasi?

#9 Mtanzania Lagos

Mama wa Chama, pole sana. Hapana, haikubandikwa. Benki ziliendelea kufunguliwa, na mwenye amana alichukua fedha zake. Walioumia ni wanahisa. Agosti 2011 Afribank, Bank PHB na Spring zilinyang'anywa leseni, na mali na amana zake zikahamishiwa benki mpya tatu za serikali, yaani Mainstreet, Keystone na Enterprise. Aliyekuwa na hisa za Afribank alibaki na cheti cha kuweka kwenye fremu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameweka sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake humo, na hadi leo jina la Sanusi halitajwi katika nyumba yake. Nyingine zilipata wenyewe: Oceanic ikaenda kwa Ecobank, Intercontinental kwa Access, FinBank kwa FCMB. Access hiyo ndiyo iliyoinunua Transnational ya Kenya mwaka 2020, kwa hiyo wengine mnaopita Nairobi mnaliona tawi la historia hii bila kujua.

#10 Mwanasheria wa Dodoma

Mjadala mzuri, lakini sheria imesahauliwa. Gavana hakuwaondoa wale watendaji kwa ujuzi wa mikopo. Aliwaondoa kwa vifungu vya 33 na 35 vya sheria ya benki na taasisi za fedha ya Nigeria, vinavyompa mamlaka ya kumwondoa mkurugenzi wa benki iliyo katika hali mbaya. Bila vifungu hivyo angebaki na ujuzi wake na barua za onyo. Na baada ya kuwaondoa, kesi ziliendeshwa na tume ya makosa ya kiuchumi. Cecilia Ibru wa Oceanic alikiri makosa Oktoba 2010, akahukumiwa miezi sita na kutaifishwa mali za takriban naira bilioni 191. Erastus Akingbola wa Intercontinental alishindwa katika Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2012, akaamriwa kulipa pauni milioni 654. Hukumu kama hizo hujengwa na wapelelezi na mawakili. Gavana hufungua mlango tu.

#11 Bi Zuhura

Mwanasheria, Soludo alikuwa na vifungu hivyo hivyo, wala hakufanya kishindo cha namna hiyo. Sheria peke yake haielezi.

Nadhani jibu liko katika nasaba. Babu yake Sanusi, Muhammadu Sanusi wa Kwanza, alikuwa Emir wa Kano na alilazimishwa kung'atuka mwaka 1963 kwa sababu ya mvutano na serikali ya Kaskazini. Mjukuu alikua akijua kwamba cheo huja na kuondoka huku heshima ya ukoo ikibaki. Mtu wa namna hiyo haogopi kufukuzwa, tena hahitaji kazi ya benki baada ya ugavana. Linganisheni na gavana ambaye anajua kwamba muda wake ukiisha ataomba ujumbe wa bodi kwa hao hao anaowasimamia.

#12 Dawati la Mikopo, Mwanza

Bi Zuhura, hoja ya nasaba ina utamu wake, ila tukiipokea basi tutafute magavana katika majumba ya machifu. Utaanzia Bukoba au Usukumani?

#13 Mwangalizi

Kuna upande ambao hakuna aliyeutaja. Wakosoaji wa Sanusi walisema wakati ule kwamba First Bank, alikotoka, haikuwa miongoni mwa benki nane. Kwamba wengi wa walioondolewa ni watu wa kusini ilhali yeye ni wa kaskazini. Na kwamba mpinzani wa jana amepewa rungu la kuwapiga wapinzani wake. Januari 2010 akaweka kikomo cha miaka kumi kwa watendaji wakuu wa benki, na kikomo hicho kikawaondoa Jim Ovia wa Zenith na Tony Elumelu wa UBA, benki ambazo hazikuwa zimeanguka. Sisemi kwamba madai ya upendeleo ni ya kweli. Nasema mtu akitoka moja kwa moja katika kiti cha benki kubwa na kuingia katika kiti cha msimamizi, madai hayo hayaepukiki, na uamuzi ulio sahihi kabisa unaweza kutiliwa shaka kwa sababu ya alikotoka. Profesa hana mzigo huo.

#14 Mkazi wa Upanga

Mwangalizi, nakushukuru kwa hoja nzito. Ila zingatia kwamba UBA ndiko alikojengea kazi yake, na kikomo hakikuikwepa. Kama ni upendeleo, ni upendeleo wa ajabu.

#15 Swahiba wa Maskati

Salaam aleikum. Ile safari ya Sanusi ya Khartoum mmeipita haraka. Mwaka 2011 Benki Kuu ya Nigeria ilitoa miongozo ya benki zisizotoza riba, na benki ya Jaiz ikafungua milango Januari 2012. Alishambuliwa sana kwamba anataka kuifanya nchi ya Kiislamu. Ni miaka hiyo hiyo ambapo benki ya Amana ilianza Dar es Salaam na hapa Oman ikaruhusu Bank Nizwa, na kote maswali yalikuwa ni yale yale. Mtu aliyejua mikopo ya kawaida na pia fiqhi ya miamala aliweza kuandika miongozo ambayo mwenye benki wa kawaida angeiogopa.

#16 Msomaji wa Kampala

Turudi kwenye madai ya msingi, kwamba asili ya kibenki huzaa gavana bora. Aliyemrithi Sanusi mwaka 2014 ni Godwin Emefiele, mtendaji mkuu wa Zenith. Njia ni ile ile, cheo ni kile kile. Katika miaka yake naira ilikuwa na viwango kadhaa vya kubadilishia fedha kwa wakati mmoja, Benki Kuu iliikopesha serikali zaidi ya naira trilioni 22, na ubadilishaji wa noti mwishoni mwa 2022 ukawaacha watu wakilala kwenye foleni za mashine za fedha hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru, Machi 2023, kwamba noti za zamani ziendelee kutumika. Juni 2023 alisimamishwa na kukamatwa. Mkazi wa Upanga, huyu naye alijua mikopo inavyofichwa. Kwa nini hakuwa Sanusi?

#17 Mkazi wa Upanga

Swali zito. Jibu langu ni kwamba si kila mtu wa benki anafanana na mwenzake. Kuna waliokua katika kuuza na kukuza biashara, na kuna waliokua katika vihatarishi, kazi ya kusema hapana. Sanusi ni wa kundi la pili.

#18 Mwanasheria wa Dodoma

Nami najibu #16 kwa namna nyingine: tofauti ni rais. Yar'Adua alimwacha Sanusi afanye kazi. Goodluck Jonathan hakumwacha, na mambo yakabadilika ingawa gavana ni yule yule. Septemba 2013 Sanusi alimwandikia rais kwamba dola bilioni 49.8 za mauzo ya mafuta hazikuwasilishwa na shirika la mafuta la taifa. Baada ya hesabu kulinganishwa, kiasi alichotaja mbele ya Seneti Februari 2014 kilikuwa dola bilioni 20. Tarehe 20 Februari, akiwa mkutanoni Niamey, nchini Niger, alisimamishwa kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Angalieni neno *kusimamishwa*. Sheria ya Benki Kuu ya 2007 inataka theluthi mbili ya Seneti ili gavana aondolewe, kwa hiyo rais alitafuta njia ambayo sheria haikuitaja.

#19 Mwangalizi

Na takwimu za Sanusi zilibadilika mara kwa mara, jambo lililowapa wapinzani nafasi. Uchunguzi wa kampuni ya ukaguzi ya PwC uliotolewa mwaka 2015 ulisema shirika la mafuta lirudishe angalau dola bilioni 1.48. Ni fedha nyingi mno, lakini ziko mbali na bilioni 20. Mtu wa vihatarishi alipaswa kuhakiki kabla ya kuandika barua ya kwanza.

#20 Mtanzania Lagos

Mwangalizi, ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba wachunguzi hawakupewa nyaraka zote walizoomba, na ikaonyesha mwanya mkubwa kati ya mapato na kilichowasilishwa, sehemu kubwa ikielezwa kuwa ni gharama na ruzuku. Kama gharama hizo zilikuwa halali ni mjadala mwingine, na hapa Lagos utasikia majibu mawili katika daladala moja. Huyo mwalimu mstaafu niliyemtaja, ambaye hampendi Sanusi kwa sababu ya hisa zake, kwa jambo la mafuta anamtetea kwa nguvu zote.

#21 Mama wa Chama, Thika

Ahsanteni kwa kunijibu. Nani alilipa hizo bilioni 620?

#22 Mtanzania Lagos

Fedha za kwanza zilitoka Benki Kuu. Mwaka 2010 likaundwa shirika la AMCON kununua mikopo iliyoharibika, na kila benki inatozwa mchango wa kila mwaka, asilimia 0.3 ya mali zake mwanzoni, ikapandishwa hadi 0.5 mwaka 2013. Benki ambazo hazikukosea zinalipia zilizokosea, na benki nayo hukusanya kutoka kwa mteja katika riba na makato.

#23 Dawati la Mikopo, Mwanza

Je, gavana wa sasa wa Nigeria naye si wa benki? Na Rwanda Februari 2025 wamemteua Soraya Hakuziyaremye, ambaye kabla ya uwaziri alifanya kazi katika mabenki ya Ulaya, London ikiwemo. Huenda huo ndio mfano ulio karibu nasi zaidi wa kufuatilia.

#24 Mtanzania Lagos

Ndiyo. Olayemi Cardoso, aliyeingia 2023, aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya Citibank Nigeria. Machi 2024 Benki Kuu yake ilitangaza mitaji mipya: naira bilioni 500 kwa benki zenye leseni ya kimataifa, bilioni 200 kwa za kitaifa na bilioni 50 kwa za kikanda, na mwisho wa muda ukawekwa 31 Machi 2026. Hiyo ni sera ya Soludo, profesa, ikiendeshwa na mtu wa benki. Benki nyingi zimerudi tena sokoni kuuza hisa ili zifikie kiwango, na katika jengo letu mawakala wameshapita mlango kwa mlango na fomu za maombi. Swali ninalowauliza, bila kupata jibu lililonyooka, ni kama kuna benki inayomkopesha mnunuzi fedha za kununulia hisa zake.